Mvumo wa Gurudumu Katika Barabara ya Amani

Gari lililosheheni machungwa likiteremka kutoka Amani kwenda Muheza, pengine husikika mvumo mzito unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo. Dereva akifika tambarare na kukanyaga klachi, injini hutulia, mvumo hubaki. Ikiwa haubadiliki hata gari linapotoka kwenye udongo na kuingia lami, tairi nazo hazina lawama. Hapo beringi ndiyo ya kushukiwa.

Beringi ni pete mbili za feleji zenye gololi au rola kati yake, na kazi yake ni kuweka mbingiriko mahali pa mburuzo, ili msuguano upungue. Kwa kuwa gololi huigusa pete mahali padogo mno, kanieneo hapo ni kubwa. Uzito ukizidishwa mara mbili, umri wa beringi ya gololi hupungua hadi kiasi cha sehemu moja ya nane. Wanaopakia magunia mpaka juu ya paa wangefaa kuijua hesabu hiyo.

Adui mwingine ni maji. Gari la kilo 2,000 likishuka mita 700 hupoteza nishati inayotosha kuchemsha lita 40 za maji, na sehemu kubwa yake huwa joto la breki. Gurudumu lililopata moto likitumbukia katika dimbwi la masika, hewa iliyo ndani hunywea, na maji hufyonzwa kupita kwenye sili. Kutu huchimba vishimo, na vishimo ndivyo vinavyovuma.

Kona husaidia kujua upande. Gari likipinda kushoto, uzito huegemea kulia. Mvumo ukizidi, beringi ya kulia ichunguzwe kwanza. Magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, kisha gurudumu litikiswe kwa kushikwa juu na chini. Likicheza, au likikwaruza linapozungushwa, lifunguliwe.

Beringi yenye vishimo au rangi ya buluu ya kuungua haiponi kwa grisi. Ibadilishwe pamoja na pete yake ya nje na sili. Katika beringi za rola za mshazari, nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, hulegezwa, kisha hukazwa kwa vidole tu na kutiwa kotapini mpya. Mafundi wengi hukosea hapa: nati iliyokazwa mno huunguza beringi mpya, na iliyolegea huliacha gurudumu likiyumba hata kuchomoka. Magari mengi ya siku hizi yana beringi iliyofungwa kiwandani, ambayo hung'olewa nzima na kukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji.

Baada ya kilomita chache, kitovu cha gurudumu kikaribiwe kwa mkono. Kikiwa na joto kupita mwenzake wa upande wa pili, kazi irudiwe.