Upitishaji wa TDM juu ya Ethaneti

'''Upitishaji wa TDM juu ya Ethaneti''' ni njia ya kusafirisha saketi za TDM, hasa zile za sauti za simu, kupitia mtandao wa pakiti. TDM ni mfumo ambao watumiaji wengi hugawana njia moja kwa zamu za muda. Ugumu wake ni kupatanisha mambo mawili yanayovutana: upana wa bendi na ucheleweshaji.

== Chanzo cha tatizo ==
Saketi ya E1 hubeba megabiti 2.048 kwa sekunde. Ina nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja, na hutoa fremu 8,000 za baiti 32 kila sekunde. Katika Ethaneti, fremu hizo hufungwa ndani ya pakiti, na kila pakiti huongezewa anwani na alama nyingine.

Hali hiyo inafanana na gari la ndizi linalotoka Mkuyuni, katika Milima ya Uluguru, kwenda mjini Morogoro. Likiondoka na mkungu mmoja, mafuta yanapotea. Likisubiri lijae, mkungu wa kwanza unachelewa.

== Hesabu ==
Nyongeza ya kila pakiti ikiwa baiti 46, pamoja na nafasi kati ya pakiti, E1 moja huhitaji:
* Fremu 1 kwa pakiti: megabiti 5.376 kwa sekunde, kwa sababu pakiti fupi mno hujazwa hadi kiwango cha chini cha Ethaneti. Kusubiri ni milisekunde 0.125.
* Fremu 8 kwa pakiti: megabiti 2.416, kusubiri ni milisekunde 1.
* Fremu 32 kwa pakiti: megabiti 2.14, kusubiri ni milisekunde 4.

Faida kubwa hupatikana mwanzoni. Kutoka fremu 8 hadi 32 akiba ni ndogo, tena pakiti moja ikipotea, sauti nyingi zaidi hupotea nayo. Kanuni ya SAToP ya mwaka 2006 inataka vifaa vyote vya E1 viweze kutumia baiti 256, yaani fremu 8.

== Upande wa kupokea ==
Pakiti hazifiki kwa nafasi sawa, hivyo hukusanywa kwanza katika bafa. Bafa ikiwa ndogo, sauti hukatika. Ikiwa kubwa, mazungumzo huchelewa na mwangwi husikika zaidi. Kwa simu, ucheleweshaji wa jumla usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja kwa kawaida hukubalika.

== Maeneo ya milima ==
Antena za mikrowevu zinahitaji kuonana bila kizuizi, kwa hiyo milimani mawasiliano huweza kupita minara kadhaa. Katika kiungo cha megabiti 10, E1 iliyofungwa fremu mojamoja hula zaidi ya nusu ya njia na kuwabana watumiaji wa intaneti. Ikiwa nafasi 10 tu kati ya 32 zinatumika, hizo pekee zinaweza kupitishwa: kwa fremu 8, huhitaji takriban megabiti 1.

Penye nyuzi za kioo zenye nafasi tele, pakiti ndogo hazina hasara kubwa.