Pemba Ipi Unayoitafuta?

Mtu wa Kengeja, kusini mwa kisiwa cha Pemba, akiandika "hali ya hewa Pemba" kwenye Google, hana shaka anaulizia wapi. Mtambo ndio wenye shaka. Iko Pemba nyingine, mji wa bandari wa kaskazini mwa Msumbiji ulioitwa Porto Amélia zama za Wareno, na iko ya tatu Zambia. Basi Google hukisia, na makisio hutegemea nani kauliza, yuko wapi, kwa lugha gani.

Mahali ndipo penye uzito mkubwa. Simu ikiruhusiwa kutaja ilipo, kazi ni nyepesi. Isiporuhusiwa, Google hutazama anwani ya intaneti, na anwani za mitandao ya simu huweza kuonyesha mji mwingine kabisa, kwa kuwa mawasiliano hupitia mitambo ya kampuni iliyo mbali. Hivyo anayetafuta duka la dawa Kengeja anaweza kuletewa la Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari. Kufungua google.co.ke badala ya google.co.tz hakusaidii: tangu Oktoba 2017 Google hufuata mtu alipo, si anwani aliyoandika.

Lugha nayo ina nguvu. Mpemba aliyehamia Muscat, simu yake ikiwa kwa Kiarabu, akiulizia bei ya karafuu huenda akapewa maduka ya viungo ya huko, wakati nduguye mkulima anataka bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu Zanzibar.

Kisha kuna kumbukumbu. Desemba 2009 Google ilianza kupanga majibu kwa kufuata yale mtu aliyotafuta zamani, hata kama hakuingia kwenye akaunti. Mwaka 2011 Mmarekani Eli Pariser aliandika kitabu kizima akihofia kwamba kila mtu atafungiwa ndani ya mambo anayoyapenda tu. Hofu hiyo ina msingi, ingawa Google husema kumbukumbu hubadilisha majibu kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara. Mwenye nyumba ya wageni anayeifungua tovuti yake kila siku anaweza kuiona juu kabisa kwenye simu yake, akaamini wageni nao wanaiona hapo. Atumie hali fiche (incognito) ya kivinjari, ambayo huweka kumbukumbu kando lakini haifichi mahali alipo. Kisha amwombe jamaa wa Wete na mwingine wa Muscat watafute maneno yale yale na kumtumia picha za skrini.