Mtu Amekula Doo Yako na Huna ya Wakili? Soma Hii Kwanza

Sema ulipiga picha za harusi ya watu fulani Kitengela. Mlielewana thao themanini, ukapewa thelathini, albamu ukapeleka. Sasa hiyo hamsini imegeuka hadithi. Leo "nitakucheki mwisho wa mwezi", kesho simu inalia tu na hakuna mtu anashika. Ukiuliza wakili, ada yake inakaribia hiyo hiyo unadai. Hapa ndio wasee wengi huachia Mungu.

Usiachie bado, buda. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi 2021 pale Milimani, Nairobi. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni moja: deni, mkataba, gari kugongwa, hata kuumizwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria za ushahidi hazikazwi sana, kwa hivyo chati za WhatsApp na meseji za M-Pesa usifute. Kesi inafaa iishe ndani ya siku 60. Kama ni mambo ya bosi na mshahara, shamba, ama mtu amekuharibia jina, hapo si mahali pake.

Sasa ile kitu watu hawaambiwi: si lazima mpigane hadi hukumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaambia korti zikuze upatanishi na njia zingine za kusikizana. Hapa kwa madai madogo, nyote wawili mkikubali, korti inaweza kuwapeleka hiyo njia. Mpatanishi haamui nani ana makosa, anawasaidia kuongea. Na mnaweza kupanga vitu kama alipe thao tano kila Ijumaa, kulingana na vile biashara yake inaingiza. Mkikosa kuelewana, kesi inaendelea.

Mimi naikubali hiyo njia kwa sababu moja. Hukumu bila pesa ni karatasi tu. Unashinda, halafu unaanza kutafuta dalali wa korti, na huyo naye hafanyi kazi bure.

Lakini kaa rada, manze. Mwenye chapaa hana haraka, wewe una rent. Anaweza kukuambia "chukua ishirini tumalizane", na juu umechoka, unasaini. Makubaliano yakishaandikwa kortini yanakuwa amri, yanakufunga wewe pia. Kwa kesi za kawaida za madai, sheria inasema makubaliano ya upatanishi hayakatiwi rufaa kabisa. Kwa hivyo ingia ukijua namba ambayo hushuki chini yake. Taka tarehe za malipo ziandikwe, na pia iandikwe kwamba akiruka siku moja, deni lote linadaiwa mara moja. Presha ikizidi, kataa, kesi iendelee. Ni haki yako.

Na kabla uende huko, mtumie meseji moja ya heshima, taja kiasi na siku unataka kulipwa. Akijibu tu "nitalipa", piga skrinshoti uweke poa. Hapo amekuandikia ushahidi mwenyewe.