Hofu inapokaa mwilini

Risasi zinaweza kunyamaza, lakini mwili wa aliyezikimbia unaendelea kuogopa. Wengi waliohamishwa na vita wanauliza: Kwa nini sipati usingizi? Kwa nini mume wangu amekuwa mkali? Kwa nini maziwa hayashuki? Wengine wanasema ni uchawi. Tujifunze kidogo juu ya mwili.

Homoni ni kama wajumbe. Zinatengenezwa sehemu moja ya mwili, zinabebwa na damu, zinapeleka amri sehemu nyingine. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mtu akishtuka, tezi hiyo inatoa adrenalini: moyo unapiga mbio, misuli inapata nguvu ya kukimbia au kupigana. Kisha inatoa kortisoli, ambayo inaongeza sukari katika damu. Hatari ikipita, homoni hizo hupungua. Lakini hofu ikidumu miezi mingi, mwili unabaki macho: mtu halali vizuri, anasahau, anakasirikia jambo dogo.

Wanyama nao ni hivyo. Mfugaji wa Masisi anajua kwamba ng'ombe akitishwa wakati wa kukamwa, anazuia maziwa. Maziwa yamo, lakini adrenalini inazuia oksitosini, homoni inayoyasukuma nje. Kuku anayesumbuliwa hupunguza kutaga. Wakati wa taabu, mwili huokoa uhai kwanza, uzazi unangoja.

Kwa mama pia, hofu inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, lakini haiyaharibu. Apate mahali pa utulivu, amweke mtoto kifuani, aendelee kumnyonyesha. Damu ya mwezi nayo inaweza kukatika kwa sababu ya njaa na wasiwasi. Inaweza pia kuwa mimba, kwa hiyo afike kituo cha afya. Asishtakiwe mtu uchawi.

Akina baba, homoni zinaeleza kwa nini hasira inapanda haraka. Hazitoi ruhusa ya kumpiga mke wala mtoto. Ondoka kidogo, tembea, pumua polepole, ndipo urudi mzungumze.

Nanyi viongozi, watu wakigombana, watenganisheni kwanza. Msikate shauri wakati bado wanatetemeka. Ngojeni wapoe, hata mpaka kesho. Tengeni mahali pa faragha kwa wanaonyonyesha. Na anayeota vita kila usiku, msimcheke. Msikilizeni, mumsindikize kwenye kituo cha afya.