Kiwanda Chako Kinatoa Kaboni Kiasi Gani? Jibu Liko Kwenye Simu

Ukipanda matatu ya Thika asubuhi pale Ruiru, kaa dirishani uhesabu mabomba ya moshi. Kuna chuma, maziwa, mikate, mafuta ya kupikia, nguo, na ukikaribia Thika yenyewe kuna mananasi. Wateja wetu wengi wanafanya kazi nyuma ya mageti hayo. Wengine wanauzia viwanda katoni, kuni au chakula cha mchana. Na wengine wana viwanda vyao vidogo: bekari, maji ya chupa, sabuni, matofali. Makala hii ni ya hawa wa mwisho hasa, ingawa hata kama umeajiriwa kuna kitu chako hapa.

Siku hizi mnunuzi mkubwa haulizi bei tu. Anauliza pia unatoa kaboni kiasi gani. Tangu Oktoba 2023, Umoja wa Ulaya unawataka wanaoingiza chuma, saruji, alumini na mbolea waripoti kaboni iliyotoka wakati wa kutengeneza bidhaa hizo. Mkate wa Ruiru hauendi Ulaya, tunajua. Lakini kampuni kubwa inayopima kaboni yake hupima pia ya wale wanaoiuzia. Ukiulizwa na huna namba, mwenzako aliye nayo ndiye atapata oda.

Habari njema ni kwamba namba ya kwanza unayo tayari. Kama unalipa stima, dizeli, gesi na kuni kwa simu, taarifa yako ya miamala ya miezi 12 ni daftari la kaboni ambalo hukujua unaliandika.

Tuanze na dizeli kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Lita moja ikichomwa inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hushangaa: lita yenyewe haifiki kilo moja, hizo kilo zingine zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Kaboni iliyo kwenye mafuta inaungana na oksijeni, na oksijeni ina uzito wake. Sasa tuseme bekari yako inawasha jenereta saa mbili kwa siku na inakula lita 10 kwa saa. Ukifanya kazi siku 26, hizo ni lita 520 kwa mwezi. Zidisha kwa 2.7, unapata kilo 1,404, yaani tani 1.4 hivi. Kwa mwezi mmoja, na ni jenereta tu!

Stima nayo ina hadithi tofauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwa vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Tana, upepo wa Ziwa Turkana, jua. Mitambo ya mafuta bado ipo, na mmoja uko hapa hapa kwetu, Thika Power, wa megawati 87. Kazi yake kubwa ni kusaidia pale mahitaji yanapopanda, hasa jioni watu wakifika nyumbani. Kwa hivyo uniti moja ya stima ya Kenya Power ina kaboni kidogo sana ukilinganisha na uniti ya jenereta yako.

Ndiyo maana tunasema hivi, na tunajua wauza sola hawatafurahi: kama lengo lako ni kupunguza kaboni, usikimbilie paa kwanza. Angalia boila. Angalia jenereta. Angalia lori. Sola ni nzuri kwa bili, tutaifikia, lakini kaboni nyingi ya kiwanda cha Kenya iko kwenye moto.

Chukua chai. Ukitoka Ruiru ukapanda kuelekea Gatundu unaingia kwenye majani chai, na Kiwanda cha Chai cha Theta ni kimoja cha viwanda vya KTDA vya huko juu. Katika kiwanda chochote cha chai, kilo moja ya chai kavu inahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Tofauti hiyo ni maji, na maji hayo lazima yatolewe kwa joto. Joto linatoka kwa boila, na boila inakula kuni. Stima ya mashine ni sehemu ndogo tu ya nishati yote.

Sasa kuni yenyewe. Gogo lililokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukilitupa kwa boila, moto unafanya kazi ya kuchemsha maji ya gogo kabla ya kuchemsha maji yako. Umelipia lori mbili ukapata joto la lori moja na kitu. Ukipasua kuni hiyo, ukaipanga chini ya paa penye upepo na kuiacha miezi kadhaa, utachoma kidogo kwa joto lile lile. Hakuna mashine ya kununua. Ni banda na subira tu. Na kuna kitu kingine ambacho Thika haikosi: maganda ya makadamia na ya kahawa. Yakiwa makavu yanaungua vizuri, bora boila yako iwe ya kuyapokea. Kuni nayo inahesabika nafuu kwa kaboni pale tu miti inapopandwa tena. Muulize anayekuuzia imetoka shamba gani.

Baada ya moto, fuata mvuke. Bomba la mvuke lisilofunikwa linapasha joto ukuta. Maji ya moto yanayorudi kutoka kwa mashine yakimwagwa mtaroni, umemwaga mafuta. Yarudishe kwa boila.

Halafu kuna hewa ya kompresa, ambayo watu hudhani ni ya bure kwa sababu ni hewa. Jumapili mashine zikiwa zimezimwa, washa kompresa peke yake utembee ukisikiliza. Ile sauti ya ssss ni pesa. Tundu la milimita 3 tu linaweza kula zaidi ya kilowati 3 saa zote kompresa inapowaka. Pampu na feni nazo: ukipunguza kasi kwa asilimia 20 kwa kifaa cha kudhibiti mota, umeme unaotumika unaweza kushuka hadi karibu nusu. Si uchawi, ni fizikia ya feni, ila fundi mwingi hatakuambia kwa sababu hukumuuliza.

Sheria pia ipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinasema kituo kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka lazima kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi. Jumlisha uniti zako uone uko upande gani. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo cha nishati kinachofanya ukaguzi wa namna hii.

Sasa sola. Kiwanda kinachofanya kazi mchana na chenye paa kubwa kinaweza kushusha bili vizuri. Kuna kampuni zinazoweka paneli kwa gharama yao nawe ukalipia kila uniti, na kuna za kununua kwa awamu kwa simu, mtindo ambao Wakenya wanaujua vizuri tangu M-KOPA ianze na taa za nyumbani. Lakini hapa tunaomba uwe macho. Usitume depositi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama amekuja na makoti ya kampuni na picha za paneli. Lipa kwa paybill au till, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea: ni lile lililo kwenye mkataba? Mafundi wa sola wanapewa leseni na EPRA. Omba namba ya leseni, uithibitishe EPRA wenyewe, ndipo ulipe.

Kuhusu ile taarifa: iombe kwenye programu yetu, miezi 12, itumwe kwa barua pepe. Tenga malipo manne tu: tokeni au bili ya stima, dizeli na petroli, gesi, kuni au mkaa. Risiti ya mafuta ikiwa inaonyesha shilingi pekee, gawanya kwa bei ya lita ya mwezi huo, ambayo EPRA huitangaza kila tarehe 14. Na kama kuni umekuwa ukilipia taslimu kwa dereva getini, huo mstari utakuwa mtupu. Anza kuulipa kwa till mwezi huu, uandike tani ngapi zimeshushwa.