Maabara za Pamoja za Utafiti wa Macho na Matone Yasiyokuwepo

Maabara ya pamoja ya utafiti wa macho ni mahali pa kupimia. Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mfumo huu umekomaa, mashine ghali hazifungiwi katika ofisi ya profesa mmoja. Huwekwa mahali pamoja chini ya mafundi wa kudumu, na watafiti wa idara mbalimbali huzitumia kwa zamu. Taasisi ya taifa ya macho ya nchi hiyo, iliyoundwa mwaka 1968, hutoa ruzuku mahususi kwa ajili hiyo: fedha hulipia vifaa na mafundi wanaohudumia watafiti wengi, si mradi wa mtu mmoja.

Thamani ya mafundi hao huonekana jicho la panya linapofika mezani. Kipenyo chake ni milimita 3 hivi, na sehemu kubwa ya ndani imejaa lenzi ngumu iliyozungukwa na retina laini. Likihifadhiwa kwa formalini ya kawaida, retina hubanduka kwa urahisi. Wembe ukipita vibaya, lenzi hupasuka na kuichana retina. Fundi mzoefu hutumia dawa nyingine ya kuhifadhia, hulilaza jicho ili wembe upitie kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, kisha hukata vipande vyembamba vya mikroni chache. Mwanafunzi anayejifunza hayo peke yake hupoteza miezi.

Chumba cha pili hupima umeme wa retina. Panya hukaa gizani usiku kucha, kisha huandaliwa kwa taa nyekundu hafifu na kuwekewa waya mwembamba juu ya konea. Mwanga ukimulika, wimbi hushuka kwanza, dalili ya seli zinazopokea mwanga, halafu hupanda, dalili ya seli zinazozifuata. Mtu akifungua mlango kwa bahati mbaya, maandalizi ya usiku mzima yameharibika. Pana pia karakana ya kutengenezea vifaa, na hiyo isidharauliwe, kwani kifaa kipya huweza kuonyesha kisichoonekana awali. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walitumia kioo kinachobadili umbo lake, mbinu iliyotoka kwa wanafalaki, wakapiga picha za seli mojamoja za retina katika jicho la mtu aliye hai.

Swali linaloulizwa kuliko yote halihusu hata moja kati ya haya. Watu huuliza wapi yanauzwa matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho “yaliyothibitishwa na chuo kikuu cha Marekani”. Jibu ni kwamba hayauzwi popote, kwa sababu hayapo. Swali hilo limejibiwa mara nyingi, na bado matangazo yanasambaa kwenye simu.

Chanzo cha imani hiyo kinajulikana. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti, ulioshirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kuhusu lanosteroli, kemikali iliyoelezwa kupunguza ukungu wa lenzi. Wauzaji hawasemi kwamba mbwa waliotibiwa katika utafiti huo walidungwa sindano ndani ya jicho, zaidi ya kutiwa matone. Wala hawasemi kwamba mwaka 2019 watafiti wengine walijaribu kemikali hiyo kwenye lenzi za panya na protini za lenzi za binadamu, wasione ukungu ukiondoka.

Na ugumu wenyewe unaeleweka. Kiini cha lenzi kiliumbwa kabla mtu hajazaliwa. Seli zake hazina tena viini, hazitengenezi protini mpya, na hazifikiwi na mshipa wowote wa damu. Protini za zamani hugandamana kwa miongo, na ili kuzifikia, tone linapaswa kwanza kuyashinda machozi yanayoliosha. Kwa kawaida chini ya asilimia 5 ya dawa ndiyo huingia ndani ya jicho.

Picha za “kabla na baada” hazithibitishi kitu. Mboni ikipanuka, au mwanga ukitokea pembe nyingine, ukungu uleule huonekana mwepesi. Ndiyo maana katika maabara ya pamoja mwanga na mashine havibadilishwi, na apimaye hapaswi kujua jicho lipi lilitiwa dawa. Tena, kupimwa hapo si kuidhinishwa: mashine ileile inayotajwa kwenye tangazo huweza kuonyesha kwamba dawa haifanyi kazi. Madhara ni ya kweli. Lenzi iliyovimba kwa kucheleweshewa tiba huweza kuleta presha ya macho na upofu usiorudi nyuma, na matone yenye steroidi, yakitumiwa ovyo, husababisha presha hiyo na mtoto wa jicho pia.

Yanayowezekana ni haya. Ukungu mdogo: miwani mipya na mwanga wa kutosha. Ukizuia kazi au kusoma: upasuaji wa kutoa lenzi na kuweka ya plastiki, unaopatikana katika hospitali za KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam na kwingineko. Mtoto mwenye mboni nyeupe: hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni saratani. Maumivu au kutoona ghafla: hivyohivyo. Mtafiti mwenye sampuli aonane na fundi na mtakwimu kabla ya jaribio kuanza, maana jicho lililokwisha kuhifadhiwa vibaya halirekebishiki.