Nani Alichora Picha za Simu?

Tazama kioo cha simu ya kisasa. Utaona picha ndogo ndogo: bahasha, saa, pipa la taka. Picha za namna hiyo zilianzaje?

Zamani, mtu wa kompyuta aliandika amri kwa maneno. Ilikuwa kazi ngumu. Huko Marekani alikuwako msanii, Bi. Susan Kare. Yeye hakuwa fundi wa kompyuta. Alichukua daftari la miraba, kama lile la hesabu. Mraba mmoja ulikuwa nukta moja ya kioo. Picha moja ilikuwa miraba 32 kwa 32, yaani nukta 1,024. Picha zake zilitumika katika kompyuta ya Macintosh mwaka 1984. Uso wenye tabasamu maana yake mashine ni nzima. Bomu maana yake kuna hitilafu.

Picha husaidia, lakini haitoshi peke yake. Ukigusa pipa la taka, simu nyingi huuliza: "Futa?" Usiseme ndiyo haraka haraka. Picha ya marehemu mama yako yaweza kupotea. Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma kwanza, ndipo ubonyeze.